Tope Mlangoni

6 Shabani

Latifu kaniletea daftari hili kutoka Kibiti. "Andika, mama," kasema, "la sivyo utatugombeza mpaka tuhame kitongoji." Mtoto huyu ana mdomo! Nimecheka, kisha nikajikuta nalia.

Mume wangu, Maalim Bushiri, imamu wetu hapa upande wa Mbuchi, alifariki tarehe ishirini na tisa Rajabu. Nimo edani. Sitoki mpaka siku ya Arafa. Chumba changu kimepakana na baraza, mlangoni pana pazia, na fundi alilikata fupi, halifiki chini. Wanaume wakija kutoa pole nawaona miguu tu. Ajabu, kumbe miguu ina sura zake.

Tarehe naweka za mwezi wa kuandama, kwa sababu maji ya huku hayajui kalenda ya ukutani. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tuna bamvua, na maji ya bamvua ndiyo yanayopanda mpaka kwenye tuta linalokinga mashamba yetu ya mpunga.

Bakora ya khutba nimeiweka nyuma ya kitanda. Ni ya mpingo, kichwa chake kimelainika kwa kiganja cha marehemu. Ada yetu ni kwamba imamu akifa, mjane wake huitunza, na siku anayotoka eda humkabidhi kwa mkono wake atakayesimama mbele. Itakwenda kwa mwanangu Abdulatifu, na asiyelijua hilo hayuko kitongoji hiki. Kamaliza masomo Tanga, kahifadhi, na Mungu kampa koo ambalo hakuwapa watu wengi. Baba yake alikuwa akimsikiliza anafumba macho.

9 Shabani

Mvua. Zaitun, jirani yangu, kaleta kamba na mchicha.

12 Shabani

Leo kaja Mashaka. Nilimjua kabla hajapiga hodi, maana miguu ile hata kipofu angeijua: visigino vimepasuka, tope mpaka magotini. Huyu ndiye mnadi swala wetu, aliyekuwa kama ndugu wa marehemu, na mchana anavua kaa mikokoni. Tangu msiba anatusalisha yeye kwa muda. Sauti yake kama kinu kinachoburutwa uani, na sura anazosoma ni fupi zile zile za watoto wa chuo.

"Shemeji," kasema, hata pole hakuanza nayo, "miche yako ya upande wa mto imeliwa na kaa. Nimeziba mashimo. Mwambie Latifu arudishie miche."

"Latifu kapita juzi," nikamwambia. "Kasema salama."

Nikaona vidole vya miguu vinajikunja.

"Basi," kasema, kaondoka. Kaniachia tope mlangoni.

Latifu aliporudi nilimwuliza. "Nimepita, mama, salama kabisa," kasema, kanibusu mkono. Labda alipita upande wa pili.

20 Shabani

Marehemu naye alikuwa ananiletea tope. Miaka yote ile ya ndoa, siku za bamvua nilikuwa namsubiri mlangoni na ufagio. Desturi ya hapa ni kwamba anayetangulia mbele ya Mungu hutangulia na mbele ya maji: baada ya adhuhuri imamu huenda kwanza tutani, hufunga mlango wa maji kwa mkono wake, ndipo wengine hufuata kwa zamu. Mlango wenyewe ni gogo la mnazi lililotobolewa, unalizibia ubao na kukandika tope. Hakuna namna ya kuufunga ukabaki msafi. Alikuwa anarudi kusalisha alasiri pindo za kanzu zimelowa, nami namwambia, "Maalim, unatutia aibu." Anacheka. Laiti ningekisikia tena kile kicheko.

3 Ramadhani

Mashaka anasalisha swala tano, Latifu tarawehe. Subhanallah! Watu wamekuja kwa mashua kutoka Nyamisati, wengine wametoka Ruaruke kwa pikipiki, wamejaa mpaka chini ya michongoma. Nilikaa nyuma ya pazia, machozi yananitiririka, sikuyafuta. Vijana wamemrekodi, sauti ya mwanangu sasa inazunguka kwenye simu mpaka Dar.

4 Ramadhani

Adhuhuri kasalisha Mashaka. Tumeshuka kutoka mbinguni tukatua kwa kishindo.

14 Ramadhani

Futari ya magimbi. Mvua tangu alfajiri.

19 Ramadhani

Mzee Mwinyimvua, ng'ambo ya mkono wa mto, anaumwa. Alituma watu Latifu akamsomee. Latifu kaahidi, na juzi jioni kaniambia, "Nimekwenda, mama. Anaendelea vizuri."

Leo Zaitun katoka huko. "Da Mwanamina, wanamsubiri maalim tangu juzi. Aliyekwenda ni Mashaka, tena mtumbwi ulijaa maji njiani ikabidi ashuke auvute."

Nikasema labda Latifu alikwenda, mgonjwa hakumtambua.

"Mgonjwa anaumwa mguu," Zaitun akajibu, "si macho."

Nilimkatiza. Mwenye kufunga asiseme watu. Lakini usingizi uliniruka. Mwanangu si mbaya, jamani. Tatizo lake hawezi kumwambia mtu hapana. Akiombwa, anaona aibu kukataa, anasema ndiyo. Akiulizwa, anaona aibu kusema bado, anasema tayari. Ni moyo mwema tu uliozidi kiasi.

2 Mfungo Mosi

Idd imepita. Wazee wamekaa barazani kwangu, nami ndani nasikiliza. Mzee Sadala, mkuu wa msikiti, kasema, "Aliyesoma zaidi ndiye wa mbele. Hakuna haja ya kuzunguka." Wote wakaitikia. Latifu awe kaimu mpaka Idd Kubwa, na asubuhi hiyo mama yake, akiwa ameshatoka eda, atamkabidhi bakora.

Mashaka hakupinga. Kauliza jambo moja. "Imamu hutangulia tutani siku za bamvua. Latifu, utaweza?"

"Inshallah, baba mdogo," kasema mwanangu, na sauti yake ikawalainisha wote, "sitakosa hata moja."

Walipoondoka Mashaka alibaki nyuma. Miguu ikasimama mbele ya pazia. "Shemeji, mimi sina kijicho. Sauti ile hata mimi inaniliza. Lakini mwanao husema nimepita kabla hajapita. Mrudi angali mbichi."

Nikamwambia, nami edani, kwa sauti ya kusikika njia nzima: "Mashaka, ukikosa koo usiwaonee gere waliopewa!"

Kaondoka. Tope tena. Nililisugua mpaka saruji ikang'aa.

15 Mfungo Mosi

Bamvua na mvua pamoja. Latifu kaenda tutani, kwa haki ya Mungu kaenda. Karudi tope kifuani, kanzu nyeupe imekuwa rangi ya chai, analalamika mgongo. Nilimpikia uji wa pilipili manga. Moyo wangu ukatulia. Mashaka na maneno yake!

28 Mfungo Mosi

Mpunga umebeba mimba, anasema Zaitun. Shamba lake limefuatana na langu, jirani kabisa na mlango wa maji. Mwaka huu kasema akivuna ataweza kumweka bwenini Kibiti binti yake Safina, maana mtoto anapanga chumba na wenzake na chakula hakitoshi. Anaongea juu ya mpunga ule kama anasimulia ndoto ya jana.

1 Mfungo Pili

Bamvua. Latifu kasema kapita.

8 Mfungo Pili

Mvua imekata mapema. Mto umepungua, na mto ukipungua chumvi hupanda. Mpunga sasa uko kwenye maziwa, ukinywa maji ya chumvi siku moja tu umekwisha. Jua linachoma mabati. Sipendi kimya cha mwezi huu.

15 Mfungo Pili

Nimeketi naandika kwa sababu sina la kufanya na mikono yangu.

Leo bamvua ilitarajiwa saa kumi. Latifu kasalisha adhuhuri, kala, kaingia chumba cha nyuma kujaribu khutba yake ya Idd. Nilisikia anaanza kusoma. Nikasogeza mkeka wangu karibu na ukuta. Alisoma, alirudi, alibadilisha pumzi, alipandisha pale mwishoni mpaka nikahisi nywele zinanisimama. Alipokatiza nilimwita: "Rudia, mwanangu. Rudia pale pa mwisho." Akarudia. Nikamwambia tena. Nikasema na moyo wangu, hata tungekosa mali yote, tumepata hili.

Wazo la tuta lilinipitia. Wallahi lilinipitia. Nikajiambia ameshatuma mtu.

Adhana ya alasiri ilipolia, ile adhana ya kukwaruza ya Mashaka, Latifu kashtuka, kavaa kofia, katoka mbio. Kapita mbele ya pazia. Miguu yake ilikuwa safi, imepakwa mafuta. Baada ya swala nikasikia Mashaka anamwuliza njiani, "Mlango vipi?"

"Nimeshafunga, baba mdogo."

"Basi mimi nakwenda mwisho wa kule, kaa wametoboa." Miguu ile mizito ikaondoka haraka.

Nilisimama. Nikashika pazia. Kisha nikaketi. Nimo edani, nitamwita nani?

16 Mfungo Pili

Maji yaliingia. Mlango ulikuwa wazi, kama ulivyoachwa asubuhi kutolea maji ya madimbwi. Shamba la Zaitun lote limekunywa chumvi. Langu limepona, liko juu kidogo. Nilimsikia Zaitun anapita njiani, hakulia kwa sauti, alikuwa anahema tu kama mtu aliyebeba mzigo.

Jioni wazee walikaa barazani kwangu. Hapo hapo, hatua tatu kutoka nilipo.

Mzee Sadala kaanza. "Saa ya maji kupanda zamu ilikuwa ya nani?"

"Yangu," kasema Mashaka.

"Hukuona mlango uko wazi?"

"Nilikuwa mwisho wa kule. Niliambiwa umefungwa, nikasadiki."

"Uliambiwa na nani?"

"Na imamu."

Nikasikia mwanangu anavuta pumzi. Nazijua pumzi zake zote. Ile ni ile anayovuta kabla ya kupandisha sauti. "Wazee wangu," kasema, taratibu, kwa upole mwingi, "mlango niliufunga kwa mikono hii. Baba mdogo Mashaka labda aliufungua kidogo apitishe kaa zake, akasahau. Binadamu si mkamilifu. Mimi nimeshamsamehe, na Zaitun naye namwomba amsamehe."

Watu wakaguna kwa huruma. Hata mimi, ambaye nilijua, kwa kitambo kidogo nilimsadiki. Sauti ile inaweza kukuaminisha kwamba usiku ni mchana.

Nikaona miguu ya Mashaka inageukia pazia. Kisha kasema, "Shemeji yuko ndani. Nyumba hii jana ilikuwa na watu. Yeye anajua mwanawe alikuwa wapi."

Pazia lilikuwa mbele ya pua yangu. Nilikuwa na neno moja la kusema.

"Mashaka, acha adabu mbovu!" Sadala akamfokea. "Mwenye eda haitwi shahidi barazani."

Nami nikashika adabu hiyo kwa mikono miwili kama mtu anayezama. Nikanyamaza.

Wameamua Mashaka asiadhini tena mpaka amridhishe Zaitun. Kaondoka bila kwaheri. Safari hii barazani hakuacha tope, alikuwa amenawa miguu kabla ya kuja.

17 Mfungo Pili

Nimemwita Latifu. Nikamwuliza, "Kwa nini?"

Kakaa chini, kaweka kichwa gotini pangu kama alipokuwa mdogo. "Mama, nilitaka kwenda. Muda ulinipita. Nilipoulizwa neno likatoka lenyewe, na baadaye sikuweza kulirudisha."

"Kalirudishe leo."

"Nikilirudisha, nani atasali nyuma yangu? Watu watavunjika imani. Mashaka ni mtu mzima, amezoea kusemwa. Nikishashika bakora nitamfidia Zaitun, nitakwenda tutani kila mwezi, naapa. Ni hili moja tu, mama." Kisha kaniinulia macho. "Na wewe ulikuwa unasikia. Ulisema rudia."

Kweli nilisema. Nilimpapasa kichwa, Mungu anisamehe, nikampapasa kichwa na kumwambia aende akale.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama yangu alikuwa akinitolea methali hii kila nilipomkingia Latifu fimbo ya baba yake. Nilikuwa namwona kikongwe asiye na huruma.

20 Mfungo Pili

Adhana mpya, ya kijana mmoja. Nzuri. Nimekosa hamu ya kula.

24 Mfungo Pili

Zaitun kaja na suke mkononi, kaliweka mkekani kwangu. Jeupe. Nililibonyeza, mapepe matupu.

"Nimemtumia ujumbe Safina arudi," kasema. "Sina cha kumpelekea, nami simwachi mtoto wa kike mji wa watu na njaa."

"Subiri kidogo, Zaitun."

"Nisubiri nini? Mimi Mashaka simsamehi mpaka kiama. Kaa zake na tumbo lake! Mwanao ana moyo, da Mwanamina. Anamwombea msamaha mtu kama yule. Umezaa, mwenzangu."

Nilisema nini? Nilisema, "Kunywa chai." Mate yangu yalikuwa machungu kama shubiri. Huyu ndiye aliyenichotea maji, akanifulia, akanipikia tangu siku ya kwanza ya eda, na mimi namtazama usoni namwachia amchukie mtu asiye na kosa.

1 Mfungo Tatu

Mwezi umeandama, bamvua imekuja. Zaitun ananiambia, "Yule mharibifu bado anashinda tutani. Kaufunga mlango yeye, kaulinda mpaka maji yakashuka. Hakuna aliyemtuma. Sijui anatafuta nini."

Latifu kasema, "Nimepita, mama." Sikumtazama usoni. Nilimtazama miguu.

4 Mfungo Tatu

Kichwa kinaniuma.

6 Mfungo Tatu

Latifu kajaribu joho la baba yake. Limemkaa sawasawa, kama alishonewa. Kasimama katikati ya chumba, kaichukua bakora nyuma ya kitanda bila kuniomba, kaiegemea, kaanza kusoma.

Nilisikiliza kwa bidii. Nilikuwa natafuta kosa katika usomaji, nikitamani lipatikane, iwe rahisi. Halikuwepo. Kila herufi ilikaa mahali pake. Ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli. Kama angekuwa msomaji mbovu watu wangemkagua. Kwa sauti ile hakuna atakayemkagua maisha yake yote. Atasema nimepita, na watu watafumba macho kama alivyofumba baba yake, kama nilivyofumba mimi, na maji yatakuwa yanaingia.

"Vipi, mama?" kaniuliza.

"Rudisha bakora ilipokuwa," nikamwambia.

Kacheka. Alidhani natania.

8 Mfungo Tatu

Nimemwita tena, nikamsihi. "Kesho natoka eda, kesho kutwa ni Idd. Nenda kwa wazee leo, wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Ukienda mwenyewe una heshima."

"Baada ya Idd, mama."

"Leo, Latifu."

"Nitakwenda." Kaondoka. Magharibi karudi. "Nimekwenda," kasema.

Nikatuma salamu kwa Mzee Sadala kupitia mkewe, nikauliza kama ameonana na Latifu. Hajamwona.

Sikulia. Nilikuwa na hasira mno, hasira yenyewe nikawa sijui nimwelekezee yeye au nijielekezee.

9 Mfungo Tatu, Arafa

Nimefunga. Baada ya alasiri Zaitun kaniogesha, kanisuka, kanivisha kanga mpya. Eda imekwisha. Nikapita pazia lile kwa mara ya kwanza, jua la jioni likaniumiza macho. Zaitun alikuwa anapiga vigelegele, mashavu yamemwingia ndani kwa njaa, na bado ananipigia vigelegele.

Sasa hapana pazia. Sina pa kujificha.

10 Mfungo Tatu, Idd Kubwa

Nayaandika haya leo leo, yasinipotee.

Watu walikwishajaa uwanjani. Wazee walikuja barazani, Latifu katikati yao na joho. Wanawake wamesimama upande wa kisima. Mashaka alikuwa mbali, kwenye ukingo wa safu za mwisho, peke yake. Nikatoka na bakora.

Latifu akanyoosha mikono.

"Ngoja," nikasema. Nilisikia sauti yangu imekauka, miezi minne haijasema na watu wengi. "Nilikuwa mwenye eda, mkasema siitwi shahidi. Leo nimetoka, najiita mwenyewe. Siku ya bamvua mlango wa tuta haukufungwa. Mwanangu hakwenda. Alikuwa chumbani ananisomea, na mimi ndiye niliyekuwa namwambia rudia. Mashaka hakuufungua. Aliambiwa na imamu wake kwamba umefungwa, akasadiki, kama ninyi nyote mnavyosadiki. Zaitun, mpunga wako umeliwa na sisi, mimi na mwanangu. Nimekula chakula chako nikanyamaza."

Zaitun alinitazama kama mtu asiyenijua, kisha akaugeuza uso wake. Hilo liliniuma kuliko yote.

"Abdulatifu," kasema Mzee Sadala, "maneno hayo ni kweli?"

Nikamwona anavuta ile pumzi. Mwanangu wa pekee. Nikasema moyoni, ya Rabbi, mnyang'anye sauti kwa leo tu. Kafungua mdomo. Kanitazama mimi, kamtazama Zaitun, kisha akatazama chini, miguu yake safi ya Idd. Pumzi ikamtoka bure.

"Ni kweli," kasema. Ilikuwa sauti ndogo, imekwaruza. "Sikwenda."

Akavua joho mwenyewe. Akalikunja, akaliweka barazani.

Nikapita katikati ya watu na bakora mpaka kwa Mashaka. Wakanipisha. Nikaona miguu ile, leo imeoshwa, mipasuko yake inaonekana vizuri zaidi. "Shika," nikamwambia.

"Sitaki, shemeji. Nina kaa zangu. Halafu mimi sauti..."

"Hukuulizwa kama unataka, wala hatujasahau sauti yako. Shika, watu wanangoja."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Mzee Sadala alifuta macho, akasema, "Mashaka, tumekukosea. Tutayazungumza yote. Tusalishe kwanza."

Kasimama mbele. Na kwa kuwa ni Idd akaona haya kusoma zile sura fupi, akaanza moja ndefu. Alikwenda vizuri, kwa ile sauti ya kinu, aya baada ya aya, na katikati akakwama. Akarudia. Akakwama pale pale. Nilibana vidole vyangu. Mwenye kujua aliyepo nyuma anapaswa kumfungulia imamu njia, lakini anayejua vizuri kuliko wote alikuwa ndiye aliyetoka kuvua joho, na nikamwogopea. Kukaa kimya kungekuwa kisasi rahisi.

Kisha nikaisikia. Kutoka safu ya nne au ya tano, chini chini, bila kupandisha, bila madoido: maneno matatu tu ya aya iliyofuata. Mashaka akayadaka, akaendelea. Sauti ile haikusikika tena mpaka salamu.

Miaka yote nimeisikiliza sauti ya mwanangu. Haijawahi kuwa nzuri kama ilivyokuwa katika maneno yale matatu.

11 Mfungo Tatu

Zaitun hajaja. Nimempelekea nyama, kaipokea, hakunikaribisha ndani. Nimemwambia nusu ya mpunga wangu ni wake na Safina asirudi. Kasema, "Nimesikia." Nitakwenda tena kesho.

15 Mfungo Tatu

Bamvua. Mashaka katangulia tutani baada ya adhuhuri. Latifu naye alitoka, hakuniaga, wala mimi sikumwuliza anakwenda wapi. Mashaka alinipitia baadaye kuniambia chumvi haikuingia. Kasema pia, kwa ule ugumu wake, "Mwanao hajui kukandika tope. Nimemrudisha mara mbili." Nikamwambia amrudishe hata mara kumi.

Magharibi Latifu karudi, kapita kimya kimya kwenda kuoga. Hakusema kapita, wala hakusema hakupita.

Mlangoni kuna tope, kutoka kizingitini mpaka uani. Ufagio nilikuwa nao mkononi. Nimeuegemeza ukutani, litafagiwa kesho.